Ng'ombe wa Simba

Tabita Nzunda hakuzoea kujisifu, ila asubuhi ile alijisifu kimoyomoyo tangu gari lilipoiacha lami ya Mlowo na kuanza kuteremka bondeni. Nani asingejisifu? Binti wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, mwenye ofisi ya chumba kimoja pale Tunduma, katikati ya wauza laini za simu na wabadilisha fedha, alikuwa amewapata wageni wake wa kwanza. Tena hawakuwa wageni wa kupita mbio kuelekea mbuga za kaskazini. Walikuwa walimu kutoka Zambia, wanaofundisha watoto kutunza wanyama, nao walitaka kuvuka mpaka waje kuliona bonde la Rukwa, bonde ambalo hata Watanzania wengi hawajui kama lina simba.

Safari hiyo aliipanga mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Wageni wangelala kwanza Mbozi na kunywa kahawa shambani kwa baba yake, wapite kukiona Kimondo, kisha wateremke hadi ukanda wa mto. Huko wangewaona sheshe, wale swala wekundu wasiopenda kukaa mbali na maji, wawaone viboko na korongo, na wakibahatika, simba. Wafugaji wa bondeni wangepata fungu lao kila wageni wanapokuja, nao kiangazi wangeuacha ukanda wa mto bila kuuingizia mifugo. Haya yote Tabita alikuwa ameyazungumza kwenye simu na kiongozi wa wageni, Bwana Mulenga, mtu mpole aliyeuliza swali moja tu: je, huko kwenu simba wanauawa?

"Katika njia yangu, Bwana Mulenga," Tabita alimjibu bila kusita, "hakuna mtu anayeua simba."

Bwana Mulenga akasema *natotela*, akashukuru tena kwa Kiswahili chake cha mpakani, na mambo yakawa yameiva. Kilichobaki ni Tabita kukaa na wafugaji na kupata kauli yao. Ndiyo maana alikuwa njiani.

Ndiyo maana, lakini si hiyo peke yake. Tusifichane. Katika maboma yale ya bondeni lilikuwepo moja ambalo Tabita angelifikia hata kama duniani kusingekuwa na simba wala mgeni. Lilikuwa boma la Luhende. Kiangazi kilichopita gari alilokodi lilizama kwenye tope la mto, naye Luhende akalivuta kwa maksai wake huku akimcheka waziwazi. Tabita alikasirika sana siku ile. Hasira ile ilikaa wiki moja, kisha ikageuka kitu kingine ambacho hakukuwa na dawa yake Tunduma yote. Sasa ilibaki Jumamosi. Jumamosi mshenga angefika nyumbani kwao Mbozi, pamoja na ng'ombe wa kwanza wa mahari.

Alipofika bomani Luhende alikuwa ameenda kunywesha. Alimkuta mama yake, Nyanzobe, mjane mrefu aliyenyooka, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mwangaluka, mwanangu," Nyanzobe alimwamkia kwa Kisukuma, naye Tabita akaitikia vilevile kama alivyofundishwa, kisha akaongeza shikamoo ya kwao ili asionekane amepunguza heshima. Nyanzobe akacheka. Alimkalisha kwenye kigoda, akamletea maziwa mgando na michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa kwa karanga, akakaa kumtazama akila kama anayekagua mali yake. Alipoona bakuli limeisha alimshika mkono akampeleka zizini, ambako ng'ombe wachache walikuwa wametengwa na wengine.

Walikuwa ng'ombe wazuri kweli. Kulikuwa na dume jeupe lenye nundu kubwa, mitamba wawili wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na jike jeusi lenye pembe za kupinda.

"Hawa ndio wanaokuja kwenu Jumamosi," Nyanzobe alisema. "Wenzako hutolewa mahari kwa ng'ombe wa kununua mnadani, mwanangu. Wewe unatolewa kwa ng'ombe wa simba."

Tabita alidhani hajasikia vizuri. Akaomba aelezwe.

Nyanzobe hakungoja aombwe mara mbili, kwa maana hakuna habari aliyoipenda kuisimulia kama hiyo. Alieleza jinsi simba alivyolisumbua bonde, kabla Tabita hajakanyaga huko, na jinsi Luhende alivyomngoja na mkuki vijana wengine walipokimbia. Alimuua. Kisha, kama ilivyo desturi yao, akapakwa vumbi jeupe usoni, akavikwa ngozi ya simba begani, akacheza boma hadi boma. Kila mwenye mifugo aliyechezewa alitoa ng'ombe kwa shukrani, maana simba yule kesho yake angekuwa kwake. Mama huyo aliimba kidogo ule wimbo aliotungiwa mwanawe, akapiga na kigelegele kifupi, macho yamejaa maji.

"Ng'ombe hawa hatukuwahi kumgusa hata mmoja," alisema. "Nilimwambia, hawa ni wa mke. Baba yako aringe nao huko mlimani."

Tabita alishika mti wa zizi. Alijua anapaswa kushukuru, na alishukuru, lakini sauti ilitoka nyembamba. Nyanzobe hakuona kitu. Aliendelea kusema kwamba simba amerudi tena, majuzi tu amekula mtamba wa jirani yao Boazi, na vijana wameshaanza kunoa mikuki. Wanamsubiri Luhende tu awaongoze.

Basi hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mama alikuwa amemsifu mwanawe kwa lile jambo moja tu lililoweza kumkosesha mke, na alilisema kwa upendo wote wa mama.

*

Luhende alirudi na kundi lake jua likiwa limeshapanda. Alikuja amejitanda shuka, fimbo mabegani, na Tabita alipomwona akitokea kwenye vumbi moyo ulimruka kama siku zote, ukasahau kwamba umeudhika. Kwa Luhende macho ndiyo yaliyotangulia kucheka, mdomo ukafuata baadaye. Tabita alijilazimisha kutazama pembeni.

Walitembea hadi kwenye kichuguu kikubwa nje ya boma, mahali ambapo mtu akisimama juu yake anaona ukanda wote wa mto. Sheshe walikuwa wametapakaa chini wakila, wekundu kwenye majani mabichi, dume mmoja amesimama pembeni akilinda. Hapo ndipo Tabita alipotaka wageni wake wasimame. Alikuwa ameshapachagua.

"Mama amekuonyesha ng'ombe," Luhende alisema.

"Amenionyesha. Na amenieleza walikotoka."

"Basi umejua unaolewa na nani." Aliyasema kwa furaha, kifua mbele, akamtazama akingoja kusifiwa.

Tabita hakumsifu. "Kwa nini hukuniambia, Luhende?"

"Kukuambia?" Alishangaa kweli. "Jambo hilo linaimbwa kuanzia hapa hadi Kamsamba. Mimi nilidhani ndiyo maana ulianza kuniangalia."

Siku nyingine Tabita angecheka hadi akae chini. Siku ile alimweleza habari za Bwana Mulenga, swali lake na jibu alilompa. Alimweleza kwamba neno lake ndiyo mali yote aliyonayo katika kazi ile, maana hana magari wala hoteli. Na Jumamosi atakaa mbele ya wazee, atolewe kwa ng'ombe waliopatikana kwa simba aliyekufa. Atawatazamaje wageni wake usoni?

Luhende alisikiliza hadi mwisho, uso ukikunjamana taratibu.

"Mdogo wangu Ruti ndiye aliyekuwa na ndama siku ile," alisema. "Simba alikuwa karibu naye kuliko ulivyo wewe na mimi. Ulitaka nifanye nini? Nimsomee mipango ya safari?"

"Sikulaumu kwa siku ile. Ningekuwepo ningekupa mkuki kwa mkono wangu."

"Unalaumu nini basi?"

"Ngoma. Nalaumu kwamba aliyeua anakuwa tajiri. Kijana mwingine anakuona na kundi lako, naye anatamani simba aje." Alinyoosha mkono kuelekea mtoni. "Na amekuja. Wanakusubiri wewe."

Luhende aliinama, fimbo ikichora mchangani. Aliponyanyua uso ulikuwa na kiburi ambacho Tabita hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake.

"Nyinyi watu wa mlimani mnajua kutufundisha," alisema polepole. "Haya, nifundishe. Pale palipo na kahawa ya baba yako, palikuwa na nini kabla ya kahawa? Si msitu? Na chui wa msitu huo wako wapi? Babu yako aliwaombea uhamisho? Baba yako anaringia shamba lililomeza chui wote wa Mbozi, halafu mimi nikiwa na simba mmoja ndiye ninayeonekana muuaji."

Maneno yale yalimwingia Tabita hadi ndani, kwa sababu yalikuwa kweli. Babu yake alikuwa na ngozi ya chui ukutani, na utotoni yeye aliilalia akisoma. Alitaka kukasirika akashindwa.

"Hujakosea," alisema. "Ndiyo maana nafanya kazi hii. Kwetu wameisha. Nikija hapa nakuta bado wapo."

Dume la sheshe lilipiga mluzi wake kule chini na majike yakanyanyua vichwa. Tabita alitamani amshike mkono tu, yaishe, Jumamosi ifike, ng'ombe waingie, kila mtu acheke. Alimpenda hivyo. Lakini alijua kwamba akinyamaza siku ile atanyamaza maisha yake yote, na Luhende atakuwa ameoa mtu mwingine mwenye jina lake.

"Sitaki kutolewa kwa ng'ombe hao," alisema.

"Sina wengine wa kupeleka. Waliobaki ni wa mama na wadogo zangu. Unataka nije kwa baba yako mikono mitupu? Yeye aliyesema sisi watu wa ng'ombe hatuna kwetu?"

"Jumamosi nitaitwa mbele ya wazee. Nitaulizwa kama nawafahamu wageni waliokuja kuposa. Ukija na ng'ombe wa simba, Luhende, na huyu wa mtoni naye akiwa amekufa, nitasema siwafahamu."

Binti akisema neno hilo mbele ya wazee, wageni hunyanyuka wakaenda zao, na hakuna mshenga anayerudi.

"Una kiburi wewe, binti wa Hezron."

"Ninacho. Na wewe unacho. Ndicho nilichokupendea."

Aliteremka kwenye kichuguu kabla machozi hayajamwaibisha. Kikao na wafugaji hakukifanya tena. Alimuaga Nyanzobe kwa uongo kwamba ameitwa Tunduma, akapanda gari, na njia nzima ya kupanda mlima hakutazama nyuma hata mara moja, ingawa shingo iliuma kwa hamu ya kugeuka. Mlowo alitoa simu ampigie Bwana Mulenga amwambie ukweli. Simu iliita, akaikata. Hakujua ukweli wenyewe bado ni upi.

*

Sasa tumseme kidogo Mzee Hezron Nzunda, baba yake Tabita, maana bila yeye Jumamosi ile isingekuwa Jumamosi.

Mzee Hezron alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kahawa iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko kwaya ya vijana. Alipoambiwa mara ya kwanza kwamba binti yake amependana na mfugaji wa bondeni, alikataa katakata. Alisema mtu huyo anafuata majani, leo yuko Momba, kesho yuko mwisho wa dunia, binti yake atamtafutia wapi? Shangazi Recho, dada yake mzee huyo na wakili wa Tabita tangu utotoni, alimbembeleza mwezi mzima akashindwa. Kilichomlainisha ni habari za ng'ombe. Mzee hakusema kwamba amelainika. Alikata tu mikaratusi yake, akajenga zizi. Na hakulijenga nyuma ya nyumba, kama wajengavyo watu. Alilijenga mbele, kando ya njia ya kwenda kanisani, ili Jumapili waumini wote wapite wakitazama.

Wiki ile Tabita alilitazama zizi lile jipya kila alipotoka nje, akashindwa kula. Hakumwambia mtu isipokuwa shangazi Recho, ambaye alisikiliza yote na kusema tu kwamba yeye hana ushauri, ana nguo ya kunyoosha.

Jumamosi mchana wageni wa posa walifika. Tabita alikuwa amefichwa chumba cha ndani kama desturi inavyotaka, amevaa kitenge ambacho shangazi alikivusha kutoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Alisogeza pazia. Aliona pikapu iliyokodiwa ikisimama. Akateremka mshenga Ambakisye, mfanyabiashara wa maharage wa Mlowo aliyefahamika mlimani na bondeni. Akateremka Nyanzobe, ambaye kwao haikuwa kawaida mama aende, lakini alikuwa mjane na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mwisho akateremka Luhende, amevaa shati jeupe, mikono mitupu.

Nyuma ya pikapu hakukuwa na ng'ombe. Tabita hakujua afurahi au aogope. Hakujua bado simba wa mtoni yuko hai au amekufa.

Mzee Hezron naye aliona. Alikuwa amesimama pale pale zizini, amevaa koti la suti, mlango wa zizi ameshaufungua. Alitazama pikapu, akatazama njia, akangoja kidogo kama anayedhani ng'ombe wanakuja kwa miguu nyuma. Kisha akaufunga mlango wa zizi polepole, akawakaribisha wageni ndani.

Ambakisye alianza kwa maneno yale ya siku zote, ya ua lililoonekana katika bustani ya watu. Hakufika mbali. Mzee Hezron alimuuliza kwa adabu kama ng'ombe wako njiani. Ambakisye akakohoa. Ndipo Luhende alipoomba ruhusa aseme mwenyewe, jambo ambalo si desturi hata kidogo, na sebule yote ikatulia kumsikia.

Tabita alisimama nyuma ya mlango, sikio kwenye ubao.

Luhende hakuficha kitu. Alieleza habari za Ruti na simba wa kwanza, ngoma aliyocheza, na ng'ombe aliopewa. Alieleza simba wa pili, mtamba wa Boazi aliyeliwa, na vijana waliokuja kwake na mikuki.

"Nikawaambia tumngoje Boazi," alisema. "Alipofika nikamwambia, ingia zizini kwangu uchague badala ya mtamba wako. Alidhani natania. Nikamfungulia. Alichagua mmoja wa wale niliowatenga kuja hapa kwako, mzee wangu, akaondoka naye. Halafu nikawaambia vijana, kuanzia leo simba akila, mwenye mnyama asiite mikuki. Aje achague kwangu. Ng'ombe hawa simba ndiye aliyenipa, basi nao wamlipie."

"Wakakubali?" Mzee Hezron aliuliza.

"Wengine walinitukana. Mmoja aliniambia nimeogopa. Lakini mkuki wa kwanza bondeni pale ni wangu, mzee, na usipotoka wangu hautoki wa mtu. Simba yuko hai. Jana nimeona nyayo zake mtoni. Kwa hiyo wale ng'ombe niliowaahidi nawaona kila siku, nawachunga mimi, ila si wangu tena. Nimekuja bila kitu. Nimeona nije nikuambie mwenyewe kuliko uambiwe na mshenga."

Nyuma ya mlango Tabita alikuwa analia bila sauti, na shangazi Recho alikuwa anamfuta kwa upande wa kanga yake mwenyewe huku naye akilia. Tabita alijivunia. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Alijivunia mtu yule hadi kifua kikamuuma, na alitamani ukuta ule wa matofali uanguke ili aonekane akijivunia.

Nyanzobe ndiye aliyefuata kusema, ingawa hakuulizwa.

"Mimi sikuongea naye hadi jana," alisema kwa ile sauti yake. "Nilimwambia umeniaibisha. Leo njiani nimewaza. Waliocheza simba ni wengi huko kwetu, baba. Aliyewarudisha ng'ombe simjui mwingine. Ni huyu tu, na nimemzaa mimi."

Mzee Hezron alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alikuwa na hasira, na alikuwa na zizi tupu kando ya njia ya kanisani.

"Na kwenu wakikuuliza umeoa kwa kitu gani, utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimeoa kwa simba aliye hai," Luhende alijibu.

Mzee aliita ndani, Tabita aletwe.

Aliletwa akiwa ameinamisha kichwa kama binti anavyopaswa, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya baba yake. Luhende alimtazama mara moja, kisha akatazama chini. Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini, mikono ile ile iliyomngoja simba. Akakumbuka alichomwahidi pale juu ya kichuguu.

"Tabita," baba yake alisema, "wamekuja watu hawa. Hawakuja na kitu. Nakuuliza mbele ya shangazi yako. Unawafahamu?"

"Mama huyu namfahamu," Tabita alisema. "Amenilisha kwake." Kisha akafanya ambalo shangazi Recho alimwonya asilifanye, akanyanyua uso. "Na huyu namfahamu, baba. Namfahamu leo kuliko nilivyomfahamu wiki iliyopita. Ukimrudisha, utakuwa umemrudisha mtu wangu."

Mzee Hezron alimtazama bintiye, akamtazama kijana, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la kahawa.

"Babu yangu alimwoa bibi yangu kwa jembe," alisema hatimaye. "Watu wa siku hizi wamesahau, wanadhani mahari ilianza na ng'ombe. Alete jembe. Alilete mwenyewe, na alime nalo hapa kwenye kahawa yangu hadi nimwone mkono. Hajawahi kushika jembe huyu, naona vidole."

"Sijawahi," Luhende alikiri.

"Utashika."

Shangazi Recho alipiga kigelegele, Nyanzobe akamjibu kwa cha kwao, na vigelegele viwili vya watu wawili tofauti vikakutana sebuleni kwa Hezron Nzunda. Katikati ya vurugu ile Luhende alimwinamia Tabita, sauti ya chini.

"Wageni wako watakuja?"

"Nitampigia Bwana Mulenga leo hii," Tabita alisema. "Nitamwambia yote, hata ngoma. Halafu nitamwambia safari nimeibadilisha. Hatuanzii mtoni tena. Tunaanzia zizini kwako."

Luhende alicheka, macho kwanza. Tabita aliutazama uso ule bila kujificha, mbele ya baba, mbele ya mshenga, mbele ya wote.

Ilikuwa jioni, wageni wanasindikizwa kwenye pikapu, wakati Jenista alipopita njiani. Jenista alikuwa jirani, mama wa kwaya, mwenye ng'ombe wa maziwa anaowataja hata kwenye maombi. Alisimama kando ya nguzo mpya za mikaratusi, akachungulia ndani ya zizi, akachungulia tena ili wote waone kwamba amechungulia.

"Mzee Hezron," aliita, "tuliambiwa leo ng'ombe wanaingia. Mbona zizi tupu?"

Luhende alisimama, mkono kwenye mlango wa gari. Mzee Hezron alilisogelea zizi lake bila haraka, akaegemea mti wake wa mbele, akavaa kofia na kuinyoosha.

"Ng'ombe wangu wako bondeni, mama Jenista," alisema. "Wanamlinda simba. Wa kwako wana kazi gani?"